Sauti Chini ya Trela

Dama mwanangu,

Umevuka kwenda Likoni kumuaga shangazi yako, na jinsi foleni ya feri ilivyo siku hizi, hutarudi mapema. Nimeona nitumie nafasi hii. Ukiwa mbele yangu nitakuzungumzia soksi na dawa ya malaria mpaka tulale, na lile ninalotaka kusema litabaki kooni.

Hayo ya soksi tumeyamaliza. Sitakuandikia huko Nakuru ule nini, ulale wapi, wala ukae na watu gani. Kampuni imekupa trela na wewe umeikubali kazi. Siku ile nilipokaa kando yako kutoka Miritini hadi Mariakani sikuongea, ukadhani nimekasirika. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nasikiliza unavyobadilisha gia, nikaona hakuna nililobakiwa nalo la kukurekebisha.

Ninachotaka kukueleza ni habari ya Mwakirunge. Nusu yake unaijua, maana huwa naisimulia hapa nyumbani watu wakacheka: gari lililokuwa likizimika baada ya barabara mbovu, na kile kilichotolewa ndani ya tangi. Nusu ya pili nimemwambia mtu mmoja tu, naye ni baba yako.

Wakati huo ulikuwa bado sekondari. Tulikuwa tunabeba kalvati, yale mabomba makubwa ya zege ya kupitishia maji chini ya barabara, kutoka yadi moja hapa Changamwe kwenda kwenye ujenzi huko ndani, mbele ya Mwakirunge. Dereva mwenzangu alikuwa Hamisi, Mdigo wa Likoni, mtu mzima kunishinda, mpole, asiyewasha injini bila kusema bismillahi. Tulipokezana usukani. Tukivuka daraja, tunapita Bombolulu, na tukifika upande wa Shanzu tunaiacha lami na kukata bara.

Barabara ile sijui nikuelezeje. Mvua zilikuwa zimeila, yamebaki mawe na mifereji. Kabini inakwenda kulia, trela inakwenda kushoto, na minyororo iliyofunga kalvati inalia njia nzima. Halafu, bila kutarajia, yanakwisha yote. Unaingia kwenye kipande cha murram, udongo wa changarawe ulioshindiliwa, kilicholala vizuri, kimenyooka katikati ya mikorosho. Hakuna nyumba. Hata mbuzi sikuwahi kuona pale. Ukitoka kwenye kelele za mawe ukaingia hapo, masikio yanakuwa kama yamezibwa.

Hapo ndipo ilipozimika mara ya kwanza. Haikukohoa. Ililegea kidogo kidogo, kama mtu anayepitiwa na usingizi huku anazungumza, kisha ikanyamaza. Ulikuwa mchana, jua kali, na upepo wa kusi ukipuliza.

Nilishuka. Baada ya barabara ya namna hiyo unaanza na vinavyotikisika, kwa hiyo nilikwenda moja kwa moja kwenye betri, na kweli nikakuta kichwa cha waya mmoja kinazunguka kwa vidole. Nilifurahi sana. Nilikikaza, nikamwambia Hamisi nimeshaupata ugonjwa. Lakini taa za kwenye dashibodi hazikuwa zimefifia hata mara moja wakati injini inazimika, na ingekuwa ni betri zingefifia. Nililiona hilo kwa macho yangu, nikalipita, kwa sababu nilikuwa nimeshapata jibu na sikutaka kulipoteza.

Haikuwaka. Tukasimama kando ya gari tunasubiri, hatujui tunasubiri nini.

Ndipo nikasikia jina langu, "Kadzo."

Ilitoka nyuma ya trela, chini chini, karibu na ardhi. Haikuwa sauti ya kupaza. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye ameita mara nyingi na hana haraka. Niligeuka kumtazama Hamisi nikidhani ananichezea, naye alikuwa amesimama karibu yangu, spana mkononi, na uso wake ulinionyesha kwamba ameisikia.

"Usiitike," akaniambia polepole.

Hilo unalijua, tumekulia nalo sote hapa Pwani. Ukiitwa jina lako na humuoni anayekuita, unanyamaza. Bibi yangu alinifundisha hivyo kabla sijajua kuhesabu, na mimi nikakufundisha wewe. Nilinyamaza. Ikaita tena, "Kadzo ee," kama anavyoita mtu anayekuona kwa mbali. Upepo ukavuma, zile kalvati zikaanza kuunguruma zote pamoja, na Hamisi akasema ni upepo tu, unaingia kwenye mabomba. Nilikubali haraka mno. Tulipanda, nikajaribu ufunguo, na injini ikawaka kama gari jipya. Niliondoka bila kutazama kioo, mpaka mikorosho ikatuishia.

Gereji walibadilisha filta ya dizeli, wakakaza nyaya zote, wakasafisha kila walichoweza kukisafisha. Fundi aliliendesha gari likiwa tupu kwenye lami hadi Mariakani na kurudi, lisimsumbue hata kidogo. Likaandikwa kwamba limepona. Nami nikalichukua, ingawa nilijua kuwa ugonjwa wa barabara mbovu haukutafutwa kwenye barabara mbovu.

Wiki iliyofuata tukarudi na mzigo uleule.

Siku hiyo hapakuwa na upepo kabisa. Majani ya mikorosho yalining'inia tu. Tulitoka kwenye mawe, tukaingia kwenye kile kipande kizuri, na kabla sijavuta pumzi nikasikia injini inalegea. Tukasimama palepale. Nasema palepale kwa sababu doa la mafuta tulilolidondosha mara ya kwanza lilikuwa mbele ya tairi. Hamisi alianza kusoma dua kwa sauti ya chini.

Dama, niliogopa. Nakuandikia hivyo kwa sababu hujawahi kunisikia nikilisema neno hilo kuhusu barabara. Na hofu ile ilikuwa na ladha tamu ndani yake, ndicho kilichonishangaza. Ilikuwa inaniambia kwamba ni mahali hapa, kwamba pana mwenyewe. Kama ni mahali, basi mimi sina kosa wala sina kazi. Nakaa kabini, nafunga vioo, nasubiri turuhusiwe. Jini halihitaji spana. Nilikaa pale kidogo, nikiwa karibu kabisa kukubali, halafu nikaona aibu mbele ya mikono yangu mwenyewe iliyokuwa imelala mapajani. Nikashuka.

Nyaya za betri zilikuwa bado zimekazwa. Filta ilikuwa mpya. Nikaenda kwenye pampu ya mkono, ile unayoibonyeza kuvuta dizeli kutoka tangini na kutoa hewa. Niliibonyeza, ikashuka, na haikupanda. Niliivuta juu kwa vidole, nikaiachia, ikashuka tena taratibu, ikabaki chini, kama kuna mkono upande wa pili unaoivuta. Ilibidi nijizungumzie kwa sauti kama mtoto. Nikasema, Kadzo, pampu haipandi kwa sababu inavuta na hakuna kinachokuja. Kama hakuna kinachokuja, basi njia imeziba. Na kama imeziba kabla ya pampu, imeziba kwenye tangi.

Nikaweka sikio kwenye tangi. Dizeli ilikuwa bado inayumba humo ndani kwa mitikisiko ya barabara, inagonga pembeni kidogo kidogo, kisha ikatulia. Kiganja changu kilikuwa bado juu ya pampu. Na ilipotulia, pampu ikapanda yenyewe chini ya kiganja changu.

Nilirudi nyuma, karibu nikimbie. Lakini palepale nikaelewa. Ndani ya tangi kulikuwa na kitu kinachoelea. Barabara mbovu inakikoroga, mdomo wa bomba la kuvutia unakinasa, injini inakosa dizeli na kuzimika. Ikishazimika hakuna tena kinachovuta, kile kitu kinaachia, kinakwenda zake, na gari linakuwa zima. Ndiyo maana fundi hakuona kitu. Mgonjwa alikuwa anapona kila akikaribia daktari.

Nilimwambia Hamisi awashe. Ikawaka. Nikapanda upande wangu, yeye akasogea, na tukakaa tukingoja upepo unaofungua breki za trela ujae.

"Twende, mama Dama," akasema. "Twende kabla haijatugeuka."

Mshale wa kipimo chake ulipanda mpaka panapotakiwa. Nilipeleka mkono kuachia breki, na kabla sijaigusa, injini ikazimika.

Kimya kilichofuata sijawahi kukisikia tena. Halafu, kutoka chini yetu, "Kadzo."

Hamisi alinishika mkono. Aliung'ang'ania, mtu aliyekuwa akivusha gari kwenye mito iliyofurika huku akinisimulia habari za wajukuu wake. "Wallahi usiitike," akasema. "Ukiitika umekwenda."

Nilitazama majani. Hayakutikisika. Basi huu si upepo, nikawaza. Ikiwa ni kitu cha kunidhuru, jina langu kimeshalijua, na kunyamaza kwangu hakutanificha. Ikiwa ni mtu, basi kuna mtu ananiita na mimi nimejifungia. Sikuwa jasiri, mwanangu, usije ukawaambia watu huko kwamba mama yako ni jasiri. Nilichoshindwa ni kuondoka mara ya pili bila kujua. Wiki nzima ile nilikuwa naamka na sauti ile masikioni.

Nikafungua mlango, nikasema, "Abee."

"Uko wapi, mwanangu?" ikauliza.

Nilishuka nikapiga magoti. Chini ya trela, mbele ya matairi ya nyuma, kwenye kivuli, alikuwa amelala mama mzee. Amekunja leso yake akaiweka chini ya kichwa kama mto, na kichwa kimeegemea tairi. Miguu haikuwa na viatu, imechanwa na miiba. Alikuwa ametoka mikorosho ya upande wa pili wakati sisi tuko kwenye pampu, akaona kivuli, akaingia. Ningeachia breki, matairi yangepita juu yake, na kwa uzito wa zile kalvati mimi nisingehisi chochote. Ningefikiri ni jiwe.

Alinitazama kama mtu anayemtazama mwenziwe aliyechelewa.

"Umekawia," akaniambia.

"Nimekawia, mama. Nisamehe."

"Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja," nikasema, na nikaingia chini ya trela nikamshika mkono.

Hamisi alipoinama akamwona, alikaa chini palepale katikati ya barabara, akaweka kofia yake usoni akalia. Alipomaliza alileta maji, akamnywesha kidogo kidogo kwa kifuniko cha chupa, akimwita mama, akimwomba radhi kwa Kidigo.

Alipita kijana wa bodaboda aliyemfahamu, akaenda kuwaita watu wake. Aliyekuja akikimbia ni mwanawe, jina lake Kahindi, shati limelowa, maana walikuwa wakimtafuta tangu alfajiri. Alitueleza mambo yote akiwa amemshika mama yake kama anashika yai. Alikuwa na dada aitwaye Kadzo, ambaye alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Siku ya kuondoka alipata lifti ya lori la mkaa, na mama yao akamsindikiza mpaka pale, kwenye kile kipande cha barabara, akasimama mpaka lori likapotea. Mwanzoni dada alikuwa akipiga simu. Baadaye simu ikawa haipatikani, wakala aliyempeleka akasema hajui, na mpaka siku hiyo hawakuwa wamepata habari yoyote, nzuri wala mbaya. Akili za mama zilipoanza kupotea, miguu yake ilibaki na njia moja. Wakimwacha kidogo tu, wanamkuta pale.

Kwa hiyo nikaona nimeelewa kila kitu. Nikamwambia Kahindi tulimsikia wiki iliyopita pia, tukaogopa, na nikaanza kumwomba msamaha.

Alinitazama asielewe. Akasema wiki iliyopita mama hakuwepo. Alikuwa amelazwa hospitali, wiki nzima, na yeye Kahindi alikuwa akilala sakafuni kando ya kitanda chake. Alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani jana yake tu.

Nilimuuliza tena. Akanijibu vilevile. Hamisi alikuwa amesimama karibu, nikaona anatazama ile mikorosho, kisha akatazama chini. Injini ikawaka kwa ufunguo wa kwanza, tukapeleka mzigo, tukarudi hadi Changamwe.

Kesho yake nilimsimamia fundi mpaka akalifungua tangi na kumimina dizeli yote. Akachovya waya uliokunjwa, akatoa kitambaa kikubwa, cheusi, laini kwa kulowa. Dereva fulani kabla yetu alipoteza kifuniko cha tangi akaziba kwa nguo, na nguo ikazama. Fundi alikiinua juu kila mtu aone, akasema huyu ndiye jini wenu. Walicheka wote, nami nikacheka, na hiyo ndiyo hadithi unayoijua. Tangu siku hiyo gari lile halikuzimika tena, kwenye barabara yoyote.

Nilimuuliza fundi kama kitambaa kingeweza kuizima mara ya mwisho, wakati tangi limetulia na pampu imeshapanda. Akasema kingeweza. Mimi nakubali, yeye ndiye fundi. Sauti ya siku ya pili ilikuwa ya yule mama. Sauti ya siku ya kwanza Hamisi anasema ilikuwa upepo kwenye mabomba, na kweli upepo ulikuwepo, na mabomba yalikuwepo. Nikiulizwa mbele za watu nami nasema ni upepo.

Lakini wewe nakuambia sijui. Nimeishi na neno hilo miaka yote hii, wala halijaniua. Utakutana na mambo ya namna hiyo, kwenye gari na nje ya gari. Sehemu utakayoweza kuifungua, ifungue, hata kama mikono inatetemeka, na usiridhike na waya wa kwanza uliolegea kwa sababu tu umechoka kutafuta. Sehemu itakayobaki, iache ibaki. Mimi nilitaka sana kuipa jina ile ya kwanza, na kila jina nililoipa lilinifanya nisahau kwamba kulikuwa na mtu halisi amelala chini ya matairi yangu.

Nilikwenda kumtembelea yule mama, mara nyingine na Hamisi, mara nyingine peke yangu. Kila nikiingia uani aliniita, nami niliitika. Mwanzo nilikuwa namtazama Kahindi, naona haya, kama nimevaa nguo ya mtu. Akaniambia niache, kwamba tangu nianze kufika mama analala usiku. Sikumsahihisha hata siku moja. Aliniuliza huko nilikokuwa walinitendea vizuri, nikamwambia walinitendea vizuri. Aliniuliza kama nilikula.

Alipofariki, Kahindi alinipigia simu kabla ya wajomba zake. Kwenye matanga wanawake wa nyumba ile walisogea wakanipa nafasi kwenye mkeka wa mabinti, na hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Nililia kama aliyefiwa. Nilipokuwa naondoka, bibi mmoja wa jirani, macho hayaoni vizuri, alinishika bega akasema afadhali umerudi, alikusubiri sana. Nikamwambia nimerudi.

Yule Kadzo mwingine hajapiga simu mpaka leo.

Sasa utaelewa ninalotaka kukuomba, usije ukadhani sikujali. Kesho asubuhi gari la kampuni litakuja kukuchukua kule barabara kuu. Baba yako atakupeleka. Mimi sitafika. Nitakuaga humu ndani, jikoni, chai ikiwa mezani, na ukitoka sitasimama mlangoni kukutazama. Nitaanza kuosha vikombe. Nilimwona mama yule miguu yake, jinsi ilivyochanika, na jinsi ilivyojua njia hata baada ya yeye mwenyewe kusahau jina la mwanawe wa kiume. Sitaki pawe na mahali barabarani ambapo miguu yangu itajifunza kwenda.

Ni mimi niliyekuzaa,
Kadzo